Antena ya CB ya kujitengenezea nyumbani: ya koaksi, ya miguu, dipoli au J?

Ndani ya lori CB, ile redio ya madereva ya kuzungumziana, haikuumizi kichwa. Redio iko juu ya kioo cha mbele, antena imesimama kwenye kioo cha pembeni, unafungua chaneli 19 na unajua mapema kwamba mizani iko wazi, kuna ajali maili mbili mbele, na askari amejibanza chini ya daraja. Nilipoacha safari za wiki tatu tatu nikaanza kulala nyumbani, hapa Columbus, Ohio, kilomita nne hivi kutoka barabara ya I-70, niliiweka redio ileile kwenye meza ya dirishani, nikainunulia pawasaplai ya volti 13.8, na antena ileile ya lori nikaifunga kwenye reli ya kibaraza. Nikabonyeza maiki. Malori yanapita, nayasikia kwa masikio yangu, lakini redioni hakuna aliyenijibu.

Kosa lilikuwa langu. Antena ya gari ni nusu ya antena. Nusu ya pili ni bodi ya gari lenyewe. Ukiing'oa ukaifunga kwenye mbao, umevaa suruali ya mguu mmoja.

Tangu siku hiyo nimetengeneza antena nne kwa mkono, na waya wa mojawapo leo unaanikiwa nguo. Wanaoniuliza ni madereva wenzangu, Wakenya, Wakongo, Warundi, wanaotaka redio ya nyumbani na hawataki kununua ile ya fiberglasi ya dukani: nitengeneze ipi? Jibu langu ni hili, kabla ya maneno mengi. Kama umepanga, au hujui kulehemu, tengeneza ya koaksi, ile kebo ya duara yenye waya wa katikati ndani ya wavu. Kama paa ni lako, tengeneza ya miguu minne. Dipoli ni ya anayetaka watu wa mbali, si malori. Ya J sikushauri, ingawa wanaoipenda wanaipenda kwelikweli.

Namba moja ya kubeba kichwani

CB ya Marekani ina chaneli 40, kuanzia 26.965 MHz hadi 27.405. Chaneli 19 ya madereva iko 27.185, na hiyo ndiyo katikati kabisa ya chaneli zote. Kwa hiyo ukiikata antena kwa ajili ya malori, umeikata vizuri kwa chaneli zote nyingine pia.

Gawa 300 kwa 27.185, unapata wimbi la mita 11.04. Robo yake ni mita 2.76. Waya halisi hutaka upunguzwe kama asilimia tano, kwa hiyo robo ya kufanyia kazi ni mita 2.63. Hiyo ndiyo namba. Antena zote za hapa chini ni robo hiyohiyo iliyopangwa kwa namna tofauti: mbili zimelala, mbili zimesimama, moja juu na nne chini, au tatu zimepandana.

Usikate 2.63 moja kwa moja. Kata 2.75 kisha punguza kidogo kidogo, maana waya ukishakatwa haurudi. Kwa urefu huu sentimita moja huihamisha antena karibu chaneli kumi. Mtu anayepunguza kwa inchi nzima nzima anaruka juu ya pale anapopatafuta bila kujua.

Nikiziweka kando kwa kando, kwa bei nilizolipa mimi na bila kuhesabu mlingoti:

| | Koaksi | Miguu minne | Dipoli | J |
|---|---|---|---|---|
| Ukubwa | mita 5.3 kwenda juu | mita 2.6 juu, miguu inashuka 1.9 | mita 5.3 kwa upana | karibu mita 8 kwenda juu |
| Wimbi | wima | wima | mlalo | wima |
| Kulehemu | hakuna | kidogo | kidogo | kwingi |
| Muda | jioni moja | siku nzima | saa moja | wikiendi |
| Gharama | dola 25 | dola 45 | dola 10 | dola 70 na zaidi |

Ya koaksi

Wamarekani huiita T2LT. Australia, mafundi wa redio huiita chungu cha maua. Ni kipande kimoja cha kebo ya koaksi, RG-58 ya kawaida, kuanzia plagi inayoingia redioni hadi ncha ya juu. Hakuna kiungo hata kimoja katikati, na huo ndio uzuri wake.

Nunua kebo yenye plagi pande zote mbili, urefu wa mita 20. Kata plagi moja. Kutoka kwenye ncha hiyo pima mita 2.75, uvue ganda la nje na wavu wa shaba, ubaki na ule moyo wa katikati pamoja na plastiki yake nyeupe. Hiyo ni robo ya juu. Kutoka pale wavu unapoanzia, pima mita 2.63 kushuka bila kuvua kitu. Hiyo ni robo ya chini: wimbi linapanda ndani ya kebo, likifika wavu unapoishia linageuka na kushuka kwa nje ya wavu huohuo. Pale unapotaka lisimame, unaizungusha kebo kwenye bomba la PVC la inchi 4, mizunguko mitano iliyobanana, na kuifunga kwa vifungo vya plastiki. Koili hiyo ndiyo ukuta.

Na koili ndiyo inayowashinda wengi. Ikikosewa, wimbi halisimami. Linaendelea kushuka na kebo hadi mezani kwako, na mita ya SWR, ile inayopima nguvu inayorudi redioni badala ya kutoka hewani, inakupa namba nzuri ambazo ni za uongo. Dawa yake ni rahisi. Mtu abonyeze maiki, wewe shika kebo kwa mkono chini ya koili. Sindano ikitikisika, koili haizuii. Banisha mizunguko, au iachanishe kidogo, ushike tena. Siku ile mimi nilishika kebo na mita ikapanda kutoka 1.3 hadi 2. Kumbe bomba nililookota lilikuwa la inchi 3. Nikabadilisha bomba, sindano ikatulia kana kwamba sipo.

Kuisimamisha kunataka kitu kisicho chuma. Ufito wa kuvulia samaki wa fiberglasi, ule unaovutika kama antena ya redio ya kaseti, unafaa sana. Mti unafaa zaidi: rusha kamba juu ya tawi, vuta antena juu, kwa mbali haionekani. Pale wavu unapoishia pafunge kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, maana mvua ikiingia hapo inashuka ndani ya kebo yote, na kebo iliyolowa haiponi.

Haitaki nguvu kubwa. Kwa wati 4 za AM, ile ya kawaida ya madereva, au 12 za SSB, inayotuma upande mmoja tu wa wimbi, ambazo ndizo sheria ya FCC, wasimamizi wa mawasiliano Marekani, inaruhusu, haina neno. Wale wenye vikuza nguvu vya mamia ya wati, ambavyo kwenye CB ni haramu hata hivyo, wataichoma koili.

Ya miguu minne

Hii ndiyo iliyo juu ya paa langu sasa. Fimbo moja ya robo wimbi imesimama, chini yake nyaya nne za robo wimbi zimetawanyika kama miguu ya kigoda. Miguu inafanya kazi ya ile bodi ya lori.

Dereva ana faida hapa ambayo wengine hawana: fimbo ya chuma ya inchi 102 inayouzwa kwenye vituo vya malori ni mita 2.59, robo wimbi iliyokwisha kukatwa. Ifunge kwenye kishikio chake cha kioo, kishikio ukifunge juu ya bomba, na miguu uibane kwenye bolti za kishikio. Ikionekana fupi kidogo, spring ya chini inaiongezea. Ukitaka kuanza na waya mtupu, chukua tundu la SO-239 lenye vishimo vinne pembeni: fimbo kwenye pini ya katikati, mguu mmoja kwenye kila kishimo.

Jambo moja tu la kuzingatia: miguu isilale sawasawa. Ikilala sawasawa, ukinzani wa antena uko karibu omu 36, na redio inataka 50. Iinamishe nyuzi 45 kwenda chini, unaikaribia 50 bila kuongeza kifaa chochote. Na ikishainama hivyo, irefushe kwa kamba ya nailoni hadi kwenye pembe za paa, tayari una waya za kushikilia mlingoti. Miguu iwe mirefu kidogo kuliko fimbo, 2.75 inatosha, na hiyo huna haja ya kuipima tena.

Upimaji ndio uliotutesa. Shemeji yangu alikuwa uani na plaizi, mimi dirishani na mita. Antena tuliisimamisha kwenye kiti cha plastiki, ili iwe karibu.

"Shemeji, punguza tena sentimita moja."

"Hiyo moja yako ni ya sita sasa."

Ikafika 1.2 chaneli 19, tukafurahi, tukaipandisha paani. Juu ikasoma 2 na ushee. Ardhi ilikuwa inaidanganya: antena ikiwa karibu na udongo hujifanya ndefu kuliko ilivyo, sisi tunakata, na ikipanda juu inakuwa fupi. Ilibidi tununue fimbo nyingine. Kwa hiyo ipime ikiwa juu, au angalau mita tatu nne kutoka chini, hata kama ni kazi ya kupanda na kushuka.

Namna ya kusoma ni hii. Pima chaneli 1, kisha 40. Ikiwa 40 ndiyo mbaya zaidi, antena ni ndefu, punguza. Ikiwa 1 ndiyo mbaya, ni fupi. Zikilingana, acha. Na usikeshe ukitafuta 1.0: kwenye 1.5 kinachorudi ni asilimia 4 tu ya nguvu, kwenye 2 ni kama 11, kwenye 3 ni 25. Chini ya 1.5 weka plaizi mfukoni ukanywe chai.

Koaksi na miguu, uso kwa uso

Ukisoma namba za vitabuni, hizi mbili zinakaribiana mno. Tofauti yake ya nguvu huwezi kuisikia kwa sikio. Kinachozitenga ni pale moyo wa antena unapokaa, yaani sehemu inayotoa wimbi kwa nguvu zaidi. Kwenye ya koaksi moyo uko katikati ya urefu wake. Kwenye ya miguu uko chini ya fimbo, pale miguu inapokutana.

Sasa chukua ufito wa mita 6. Antena ya koaksi inaula wote: ncha iko juu, moyo wake uko mita 3 na kitu kutoka ardhini. Chukua mlingoti huohuo wa mita 6 uweke ya miguu juu yake: moyo uko mita 6, na fimbo inapanda hadi 8.6. Kwa nguzo ileile umepata karibu mara mbili ya kimo. Ndiyo maana ya miguu ikawa paani kwangu. Kwa koaksi yenye moyo mita 3 juu nilikuwa nawapata madereva wakikaribia njia ya kutokea ya kwetu. Kwa miguu juu ya paa nawapata kabla hawajaingia mjini.

Lakini mwenye mti wa mita 15 uani, mambo yanageuka. Koaksi inapanda na kamba hadi kwenye tawi, moyo uko mita 10 au zaidi, bila mlingoti, bila kupanda paa. Hapo ya miguu haina la kujibu, maana miguu kwenye matawi ni balaa.

Upepo nao ni hoja. Fimbo ya inchi 102 inapigwa na upepo wa Ohio wa Machi na inarudi wima. Ufito wa kuvulia samaki unajikunja na kujifunga wenyewe ndani kwa ndani. Wangu ulishuka mara tatu msimu mmoja hadi nilipozungushia tepu kila kiungo.

Dipoli

Nyaya mbili za robo wimbi, moja huku moja kule, kebo katikati. Hakuna antena rahisi kuliko hii. Weka kihami katikati, moyo wa koaksi kwenye waya mmoja, wavu kwenye wa pili, na koili ya mizunguko michache ya kebo chini yake ili wavu usigeuke antena. Ukiifunga ncha zikiwa zimeshuka kama paa la nyumba, ukinzani unakaribia omu 50 wenyewe. Ikinyooka ni kama 73, ambayo bado inavumilika.

Tatizo lake ni mkao. Antena za malori zimesimama wima. Dipoli iliyolala inatoa wimbi lililolala, na antena mbili zenye mikao tofauti hupoteza kama desibeli 20 baina yao, yaani unapata moja ya mia. Barabarani madaraja na majengo huligeuzageuza wimbi, kwa hiyo hasara si kubwa hivyo kila mara, lakini ipo. Nilipoiweka mara ya kwanza nilidhani redio imekufa.

Jioni moja ya Juni nikaelewa kazi yake. Nilikuwa chaneli 38, LSB, yaani upande wa chini wa SSB, mahali wanapokutania watu wa SSB, na ghafla sauti kutoka Florida ikaingia safi kama ya jirani. Miezi ya kiangazi kuna tabaka la anga, kilomita mia hivi juu yetu, ambalo huchachamaa bila taarifa na kuyarudisha mawimbi ya 27 MHz chini, mamia au maelfu ya kilomita mbali. Wimbi likishagonga huko juu mkao wake unavurugika, kwa hiyo wima au mlalo si hoja tena. Dipoli ikiwa mita 5.5 au zaidi kutoka ardhini inafanya kazi hiyo vizuri, na inasikia kelele chache za umeme wa majumbani kuliko antena ya wima. Kwa waliowahi kusikia kwamba kuongea zaidi ya maili 155 ni kosa: kanuni hiyo FCC iliifuta mwaka 2017.

Inatazama pande mbili za ubavu wake, nchani haisikii. Ukiifunga mashariki na magharibi, unaongea kaskazini na kusini. Mimi nilikuwa na miti miwili tu, kwa hiyo miti ndiyo iliyoniamulia.

Wengine wanaisimamisha dipoli wima ili wapate malori. Inafanya kazi, mradi kebo itoke kwa pembe ya mraba mita kadhaa kabla ya kushuka, jambo ambalo uani kwangu halikuwezekana. Ukishafika hapo afadhali ya koaksi, ambayo ni dipoli ya wima iliyokwisha kutatua shida hiyo.

Ya J, na nyingine za haraka

Nusu wimbi juu, na chini yake robo wimbi ya nyaya mbili sambamba, umbo la herufi J. Haitaki miguu. Kwenye masafa ya juu, yenye wimbi la mita 2, ni antena nzuri na ndogo. Kwenye 27 MHz ni bomba la shaba la karibu mita 8, na bei ya shaba unaijua. Ipo ya waya wa ngazi wa omu 450, nyepesi zaidi, lakini mahali pa kuunganishia kebo panatafutwa kwa kusogeza sentimita moja moja, na kila ukiigusa namba zinahama. Ukimaliza umepata kitu ambacho koaksi ilikupa kwa jioni moja. Hiyo ndiyo niliyoigeuza kamba ya nguo.

Ya tano kwa nane ya wimbi ni ndefu, karibu mita 6.9, na inataka koili ya kulinganisha chini pamoja na miguu. Faida yake juu ya robo wimbi kwa vitendo ni ndogo. Ukiitamani nunua iliyotengenezwa, maana bomba za alumini za kupachikana, koili na vihami ukivinunua kimoja kimoja vinakaribia bei ya dukani. Yagi na nyinginezo za kuelekeza upande mmoja ni nzuri sana, lakini kwa malori yanayotoka pande zote utakuwa unazungusha mlingoti mchana kutwa.

Kebo na kimo: pesa iende wapi

Dukani watakuambia ununue kebo nene. Mita 20 za RG-58 kwenye 27 MHz hula kama desibeli 1.5, kwa hiyo kati ya wati 4 zinafika 2.8. RG-213, nene kama kidole, inafikisha 3.4. Sasa, alama moja kwenye sindano ya redio ya mwenzako ni desibeli 6. Tofauti ya kebo hizo mbili haifiki hata robo ya alama moja. Kwa umbali wa nyumbani, kebo nyembamba inatosha, mradi iwe mpya na plagi zake ziwe zimefungwa vizuri. Hata kebo ya TV ya RG-6 iliyolala darini inafaa. Ni ya omu 75, SWR itasoma 1.5 hivi, na upotevu wake ni mdogo. Taabu yake ni plagi, kwa sababu wavu wake ni wa alumini na haukubali lehemu.

Pesa uliyookoa ipandishe juu. Antena ikiwa mita 5 na ya lori mita 4, upeo wa kuonana kwa redio ni kama kilomita 17. Ipandishe hadi 10, unafika 21. Tena ukipanda unakuwa umeepuka kuta za jirani, mabati na taa zinazotoa kelele. Sheria hapa inaruhusu futi 60 kutoka ardhini, au futi 20 juu ya jengo uliloifungia.

Kabla hujainua kitu

Tazama nyaya za umeme. Sisemi kwa kawaida ya kusema. Watu wengi mno wameuawa Marekani wakisimamisha antena za CB, kiasi kwamba mwaka 1978 tume ya usalama wa bidhaa, CPSC, ililazimisha antena za CB za nyumbani na milingoti yake ziuzwe na onyo la nyaya za umeme. Ya kujitengenezea haina kibandiko hicho. Kanuni yangu: kutoka kwenye mlingoti hadi waya wa umeme ulio karibu, umbali uwe angalau mara mbili ya urefu wa mlingoti na antena kwa pamoja. Waya ule mweusi unaoingia nyumbani kwako nao ni waya wa umeme. Ikianza kuanguka, iachie ianguke, usiidake.

Mlingoti wa chuma utulizwe ardhini kwa nondo ya futi 8, na nondo hiyo iunganishwe na erthi ya nyumba, isisimame peke yake. Mawingu yakianza kunguruma mimi nachomoa kebo redioni na kuitupa nje ya dirisha. Erthi inapunguza madhara, haizuii radi.

Kwa hali yako

Mpangaji wa ghorofani mwenye kibaraza: koaksi kwenye ufito, unaisimamisha jioni na kuikunja asubuhi. Ukiwa kwenye mtaa wenye chama cha wenye nyumba, soma mkataba kwanza, kwa sababu kanuni ya FCC inayowakinga wenye madishi ya TV haiihusu antena ya CB. Waya mwembamba ndani ya mti huko ndio usalama wako.

Mwenye nyumba karibu na barabara kuu: miguu minne juu ya paa, fimbo ya inchi 102, RG-58. Anayekesha na SSB akisaka watu wa mbali: dipoli, na kama kuna nafasi aweke pia koaksi na swichi ya kubadilisha. Mimi ninazo zote mbili, ya miguu na dipoli mpya, na swichi iko karibu na kikombe.

Ndugu zetu walio Uingereza wasinakili urefu wangu kama ulivyo. Wao wana chaneli za Ulaya, zilezile za 26.965 hadi 27.405, pamoja na zao wenyewe 40 kuanzia 27.60125 hadi 27.99125. Robo wimbi ya katikati ya zile za Uingereza ni karibu mita 2.57, anayetaka zote akate kama mita 2.60 na akubali SWR kupanda kidogo kwenye ncha zote mbili. Walio Tanzania na Kenya waanzie kwa wasimamizi wa mawasiliano, TCRA au CA, kuuliza kibali kabla ya kununua hata plagi.